Tochi Nyekundu ya Fundi Bomba

Asubuhi za nyumba ile zilianza kwa kelele za spana. Kabla chai haijachemka, fundi bomba alikuwa amekwisha kumwaga mfuko wake wa kazi sakafuni. Anashika hiki, anafuta kile: spana kubwa, spana ndogo, msumeno wa chuma, utepe mweupe wa kuzungushia nyuzi za bomba. Mkewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa palepale karibu na mlango, basi kila siku alilalamika yaleyale.

"Iko siku nitashonea spana kwenye gauni la mteja, halafu utanieleza!"

"Litakuwa gauni zito, mke wangu. Mwambie halipeperuki na upepo."

Binti yao alikuwa akicheka mpaka chai inampalia. Huyo binti walimwita Kiroboto. Jina la shule alikuwa nalo, tena zuri, lakini nani alilitumia? Kiroboto kwa sababu hatulii. Ukimwona jikoni, ukigeuka yuko uani. Ukimwita uani, sauti inakujibu kutoka barabarani. Ukimtuma anakwenda kama mshale, na anarudi kama mshale pia, ila nusu ya alichotumwa imebaki huko njiani. Hakuwa mtoto mbaya, hapana. Alikuwa na haraka tu, na haraka yake ilikuwa imezoea kusamehewa.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na desturi moja ya kikazi. Kifaa kipya hakiingii kwenye mfuko wa fundi siku ileile kinaponunuliwa. Kinalala nyumbani kwanza, kama mgeni, watu wamwone tabia. Spana mpya itafungulia boliti za kitanda na kuzifunga tena. Na tochi, ee, tochi ndiyo ilikuwa na mtihani mrefu kuliko vyote, kwa sababu fundi bomba hashiki tochi mkononi. Mkono mmoja uko kwenye bomba, wa pili uko kwenye spana. Tochi anaing'ata. Anaibana kwa meno, kichwa kikielekea anapoelekea yeye, na hivyo ndivyo anavyofanya kazi chini ya masinki na ndani ya dari za watu.

Zamani tochi zilikuwa ndefu kama mchi, unatia betri tatu nono, ukikutana na mwizi humumuliki, unampiga nayo. Nani angeing'ata hiyo? Lakini hizi za siku hizi, hizi za LED, ni fupi kama kidole gumba, betri moja nyembamba, na mwanga wake mweupe unachoma macho. Fundi alikuwa na moja aliyoipenda sana, mpaka ikamchomoka na kuzama ndani ya tangi la maji la mteja. Alirudi nyumbani amenuna kama mtu aliyefiwa.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Keshokutwa yake, Jumatatu, fundi alitakiwa kuingia kwenye dari ya bweni la wauguzi. Mabomba ya mle ndani yalikuwa yanavuja mpaka wauguzi wanalala na mabeseni vitandani. Msimamizi wa bweni alikuwa amemwambia wazi: ukiifanya kazi hii vizuri, mabomba ya jengo zima ni yako, mwaka hadi mwaka. Kwa mtu anayesubiri simu za wateja kama mtu anayesubiri mvua, hilo halikuwa neno dogo.

"Kiroboto," baba akamwita, "nenda kwa Mzee wa Waya. Mwambie nataka tochi ndogo. Atakupa za kujaribu. Mimi nakwenda kutafuta mabomba, nitachelewa. Zijaribu wewe."

"Mimi, baba? Peke yangu?"

"Una meno au huna?"

Mama akacheka kwenye cherehani. Baba akaendelea, safari hii bila mzaha. "Sikiliza. Usidanganyike na mwanga wa kwanza. Tochi yoyote yenye betri mpya inawaka kama jua, ndiyo tabia yao, zinajipendekeza. Chukua kila moja, ing'ate, ingia jikoni, funga mlango, osha vyombo kwa mwanga huo huo. Mate yakutoke, usiyafute. Halafu ziache zinawaka kabatini mchana kutwa, uone ipi inachoka. Ile itakayobaki ndiyo yangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

Na kweli alielewa. Hilo mliweke akilini, maana baadaye hakuweza kusema hakuambiwa.

Mzee wa Waya alikuwa na duka jembamba lililojaa vitu vya umeme mpaka kwenye dari: balbu, swichi, soketi, mizunguko ya waya imening'inia kama nyoka waliokaushwa. Mteja akiingia, yeye hutoka kidogo ili nafasi itoshe. Lakini alikuwa na jambo moja ambalo maduka makubwa hayakuwa nalo. Alikuachia kitu uende nacho nyumbani ukakijaribu. Kikikufaa, rudi ulipe. Hakikukufaa, kirudishe, na hakununi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, Kiroboto. Baba yako amezamisha tochi tena? Huyu anawafuga samaki wapate kusoma usiku?" Akatoa tochi tatu na kuzipanga mezani. Moja ya fedha, nzito. Moja nyeusi, imevikwa mpira, mwanga wake wa manjano kidogo. Na ya tatu nyekundu, ya bati laini linalong'aa, ndogo kuliko zote. Kiroboto alipoibonyeza kitufe chake nyuma, mwanga ukamrukia mzee usoni mpaka akajikinga kwa kiganja.

"Yarabi! Hiyo ni mpya kwangu, hata mimi siijui tabia yake. Uing'ate vizuri, sawa?"

"Sawa, babu."

Alifika nyumbani, akafunga pazia la chumbani, akaziwasha zote tatu ukutani. Ya fedha ilitoa duara zuri. Nyeusi ilitoa duara la kizee. Nyekundu ikaufanya ukuta wote kuwa mweupe, ukaona hadi nyufa. Kiroboto akaichukua hiyo, akasimama mbele ya kioo, akaisogeza karibu na meno, akanusa harufu ya duka na mafuta ya mashine. Akakunja pua. Nani anajua imeshikwa na nani?

Na nje, wenzake walikuwa wanaita. Kulikuwa na mashindano ya kuruka kamba, mtaa wa juu na mtaa wa chini, na mtaa wa chini bila Kiroboto ni kama mtu asiye na miguu. Akazitazama tochi. Akatazama mlango. Akaziweka zote tatu chini ya mto, zimezimwa, akatoka.

Walishinda. Walishinda mpaka mtaa wa juu wakasingizia kamba.

Jioni, kabla jua halijazama, akachukua ya fedha na nyeusi akazirudisha dukani.

"Umechagua nyekundu?" Mzee wa Waya akauliza. "Uliing'ata?"

"Niliing'ata."

"Ukaosha nayo vyombo?"

"Vyote, babu. Hata masufuria."

Mzee akamwangalia kidogo, halafu akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Na nyumbani maswali yakawa yaleyale, majibu yakawa yaleyale, ila sasa yalitoka kwa urahisi zaidi, maana yalikuwa yamekwisha kutembea mara moja. Baba akaipokea ile tochi nyekundu, akaipima kiganjani, akaitia kwenye mfuko wa kazi.

"Umeniokolea siku nzima, mama," akamwambia bintiye, maana alimwita mama akifurahi. "Kazi ukiifanya wewe, mimi nalala usingizi."

Kiroboto hakulala usingizi mzuri, lakini alilala. Watoto hulala.

Jumatatu, mwalimu alikuwa katikati ya somo la sehemu pale jirani yao, muuza mkaa, alipotokea mlangoni na mikono yake myeusi, anahema. Hakusema mengi. "Mwalimu, naomba huyu binti. Baba yake ameanguka."

Kumbe fundi alikuwa katikati kabisa ya dari, amepita boriti baada ya boriti, kwa sababu mle darini unakanyaga boriti tu. Mbao za chini ni nyembamba, hazibebi mtu. Tochi ilikuwa mdomoni. Ilianza vizuri, inaangaza kama mchana. Baada ya kitambo ikapepesa. Akaigonga kwa ulimi, ikarudi. Ikapepesa tena, ikafa. Giza likamfunika na spana mkononi. Akanyoosha mguu kutafuta boriti, mguu ukapata ubao. Alipita na ubao wake, akaangukia mkono wa kulia kwenye sakafu ya saruji, mbele ya wauguzi waliokuwa wanavaa viatu kwenda kazini. Wenyewe ndio walimfunga mkono kabla hata hajafikishwa kwa daktari.

Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na vidole viwili. Daktari akamfunga plasta ngumu mpaka karibu na kiwiko. Kazi ya bweni ikapewa fundi mwingine siku ileile, maana maji hayasubiri mtu apone.

Fundi hakulia kwa maumivu. Alikaa kitandani anaigeuzageuza ile tochi nyekundu kwa mkono wa kushoto, uso umekaza. Alipoweza kutembea, kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda dukani. Akamchukua na Kiroboto, kwa kuwa mkono mmoja haufungi hata kifungo cha shati.

Duka lilikuwa na watu. Fundi hakusalimu.

"Mzee! Hii ndiyo tochi ya kumuuzia mtu mwenye watoto?"

"Fundi, pole sana, nilisikia..."

"Pole yako kaa nayo! Imezimika nikiwa juu. Juu, mzee! Wewe unauza vitu vibovu halafu unajifanya mtu mwema, eti kajaribu nyumbani, kajaribu nyumbani!"

Mzee wa Waya akaichukua tochi taratibu. Akafungua mfuniko wa nyuma, akaipigapiga kiganjani. Tone la maji ya kutu likadondoka.

"Mate, fundi. Yameingia kwa hapa kwenye kitufe. Haina mpira wa kuzuia maji. Kuishika mkononi ni tochi nzuri, lakini kwa mtu anayeing'ata haifai. Wallahi, ukiosha nayo vyombo haimalizi sufuria moja. Ndiyo maana nilimuuliza binti yako kwanza." Akamgeukia Kiroboto, sauti yake ikawa ya kuomba. "Mjukuu wangu, uliing'ata kweli?"

Duka zima likamtazama. Mama mmoja aliyeshika balbu, kijana aliyekuja kununua soketi, baba yake na mkono wake mweupe umening'inia shingoni.

"Niliing'ata," Kiroboto akasema.

"Umesikia?" Baba akapaza sauti. "Mwanangu ana haraka, lakini hasemi uongo!"

Yule mama akairudisha balbu mezani polepole, kama mtu anayeogopa itamuuma, akatoka. Kijana wa soketi naye akakumbuka ana safari. Mzee wa Waya akabaki na meza yake. Akainama, akatoa ile tochi nyeusi ya mpira, akaisukuma mbele pamoja na ile nyekundu.

"Chukua hii, fundi. Sitaki kitu. Mimi sina la kusema."

Maneno yana miguu. Juma halijaisha, mtaa mzima ulishajua kwamba tochi za Mzee wa Waya zinaangusha watu. Watoto shuleni wakawa wanapita mbele ya duka lake wanajifanya kupepesuka. "Nishike, nishike, nimenunua balbu!" Wanacheka. Kiroboto alikuwa nao, na ilimbidi acheke pia, macho yake yakilikwepa duka.

Siku moja baba akampa ile nyeusi. "Ijaribu, mama. Kama ulivyoijaribu ile."

Hakuwa anamtega. Hapo ndipo palipouma.

Kiroboto akaingia jikoni, akafunga mlango, akaing'ata tochi nyeusi. Mpira ulikuwa na ladha chungu, taya likaanza kumuuma, mate yakamtiririka kidevuni hadi kwenye gauni. Akaosha sahani, akaosha vikombe, akasugua masufuria yenye ukoko. Ule mwanga wa kizee, mwanga ambao aliudharau ukutani, haukutikisika hata kidogo. Ulikaa palepale, mpole, ukimwonyesha kila punje iliyoganda.

Alipomaliza akaitoa. Kisha, hata yeye hakujua kwa nini, akaenda kuileta nyekundu. Ilikuwa imekauka, betri imebadilishwa na mama. Akaing'ata. Ikawaka kama radi. Akatia mkono kwenye maji, akachukua sufuria aliyokwisha kuiosha, akaanza kuiosha tena. Hata hajaizungusha, mwanga ukapepesa. Ukapepesa tena. Ukafa.

Akasimama gizani, mikono ndani ya maji, hasogei. Mama alipofungua mlango alimkuta hivyo, tochi bado mdomoni, analia bila sauti.

Alimwambia baba yote. Kamba, mto, majibu aliyompa mzee, na la dukani. Alitegemea kofi. Alitegemea kelele. Baba aliongea akiutazama ukuta.

"Unajua mle darini sikukanyaga ubao. Nilikanyaga neno lako."

"Nisamehe, baba."

"Vaa viatu."

Walikwenda wakati ambao fundi alijua duka huwa na watu, akitaka waliosikia matusi wasikie na hili. Lakini duka halikuwa na watu kama zamani. Walikuwepo wawili tu. Kiroboto alisimama mbele ya meza akasema mwenyewe, baba hakumsaidia hata neno. "Babu, sikuing'ata. Nilikwenda kuruka kamba. Nilisema uongo hapa, na nilisema tena mbele ya watu." Na fundi, mtu mzima, akainamisha kichwa. "Na mimi nilikutukana bure, mzee wangu. Nitalisema hili kila nyumba nitakayoingia."

Mzee wa Waya akawa anakunja kipande cha waya, anakikunjua.

"Yamekwisha," akasema. "Nimekusamehe, mjukuu wangu. Na wewe fundi, mtu akiumia hujui anachosema." Akakiweka mezani. "Lakini kuanzia sasa, kitu hakitoki dukani kwangu kwenda kujaribiwa. Si chako tu, cha yeyote. Anayetaka kujaribu ajaribie hapa, nikimwona. Nimezeeka, siwezi kuambiwa nauza vibovu mara ya pili."

Hakusema kwa hasira. Ingekuwa nafuu angesema kwa hasira.

Fundi alitimiza ahadi yake. Kila alikokwenda alilisema, na wateja wakarudi dukani mmoja mmoja, mpaka ile nafasi ndogo ikajaa tena. Lakini watu wa mtaa ule, waliozoea kubeba pasi na redio kwenda kuzitazama nyumbani kwanza, sasa walisimama mezani wamebanana, wanabonyeza harakaharaka, na kila aliyeuliza sababu aliambiwa. Kiroboto akipita huko alikuwa anajua wanaongea habari gani.

Plasta ikaondolewa. Kifundo kikapona, vidole viwili vikakataa kukunja. Spana kubwa haikushikika tena. Fundi akaachana na dari na mabomba makubwa, akawa mtu wa mabomba ya jikoni na masinki, kazi ndogondogo ambazo zamani aliwaachia wanaojifunza. Siku ambazo hakuna shule, Kiroboto alikwenda naye, awe mkono wake wa kulia. Hakuambiwa ni adhabu. Ilikuwa tu ndivyo ilivyo.

Siku moja waliitwa nyumbani kwa mama mmoja mwenye duka la dawa, sinki lake linavuja ndani ya kabati refu lenye giza. Kwenye kabati hilo waya wa umeme ulipita karibu na bomba, umechubuka. Fundi alipiga magoti, akachungulia, akanyoosha mkono apewe tochi nyeusi.

"Betri mpya uliyotia asubuhi," akauliza, "uliijaribu?"

Neno "ndiyo" lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi wa Kiroboto. Lilikuwa fupi, lilikuwa jepesi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama na mikono kiunoni, anatazama maji yanavyosambaa sakafuni.

"Bado, baba. Niliitia tu. Sijaijaribu."

Mwenye nyumba akasonya. "Jamani! Mmekuja kufanya kazi au kuja kujaribu tochi?"

"Tutasubiri kidogo, dada yangu," fundi akasema. "Tupatie beseni, maji yakingwe." Akaiwasha ile tochi, akaiweka sakafuni ikitazama ndani ya kabati, akakaa chini ameegemea ukuta, na bintiye akakaa kando yake. Mwenye nyumba akaleta beseni, akaondoka ananung'unika.

Walikaa hivyo, wanautazama mwanga. Fundi alikuwa anavisugua vile vidole vyake vigumu, kama alivyozoea.

"Umemuudhi mteja," akasema.

"Najua, baba."

"Ataniambia nimemchelewesha, na labda hataniita tena. Hasara hiyo naipokea, nitaibeba. Ukisema bado, mimi nasubiri. Ukisema ndiyo, mimi naingia." Akauonyesha ule waya uliochubuka kwa kidole kisichokunja. "Kwa hiyo kabla hujajibu, iwe kazi, iwe somo, iwe tochi, mwangalie kwanza anayeingia ni nani."

Kiroboto akaitikia kwa kichwa. Hakuomba msamaha tena. Alikuwa ameuomba mara nyingi, na kila mara alipewa, na vidole vilibaki vilevile. Akalivuta beseni chini ya tone, akatulia hapo na baba yake, mpaka baba mwenyewe aliporidhika na mwanga, akaichukua tochi, akaibana kwa meno, akaingia.